Panya Waliokataa Kufa

Kila mtu jengoni alimwita Mama Panya, na jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelikumbuka, pengine hata yeye mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwalisha panya weupe wa maabara, akiwabadilishia maranda na kuwasalimia kwa namba za vizimba: "Kumi na mbili, mmeamkaje?" Mtu mwingine angeona haya. Yeye wala.

Mwaka huo Daktari, binti aliyekuwa akisomea shahada yake ya juu, alileta panya ishirini waliozaliwa na kasoro. Chembe zao hazikuwa na kipokezi, kile kitu kinachonusa bakteria na kuuambia mwili kwamba mwizi kaingia.

"Nikiwachoma sindano ya bakteria, wenye kipokezi watapona," alieleza. "Hawa watakufa ndani ya siku mbili."

Nyumbani Mama Panya alikuwa na vidonge vya kuua bakteria, vilivyobaki alipotibiwa jino. Alivisaga, akavitia kwenye chupa za maji za wale ishirini, roho yake ikatulia.

Siku ya tatu baada ya sindano panya walikuwa wakitafuna bila wasiwasi wowote. Maprofesa wanne walipanga foleni kumtazama mmoja wao akijikuna sikio, na mmoja wa maprofesa akavua kofia. Daktari alilia kwa furaha. Kumbe kipokezi si lolote si chochote, vitabu vyote vimekosea! Jumatatu angelitangaza hilo mbele ya wageni.

Mama Panya alikosa raha. Binti wa watu angeumbuka mchana kweupe. Ijumaa akamfuata.

"Mwanangu, hao hawajapona wenyewe. Niliwatilia dawa yangu ya jino."

Daktari alikaa juu ya gunia la chakula cha panya. "Vidonge vingapi?"

"Sita. Viwili nimevibakiza, jino likirudi."

Hakufukuzwa, maana panya waligoma kula wakilishwa na mtu mwingine. Jaribio lilirudiwa na panya wengine ishirini wasio na kipokezi. Safari hii Mama Panya alitia maji matupu, chupa baada ya chupa, Daktari akiwa amesimama nyuma yake. Siku ya kwanza manyoya yao yalisimama. Siku ya pili walikuwa wamelala ubavu, naye ilimuuma, ilimuuma sana.

Daktari alikuja mbio, akamkumbatia kwa nguvu.

"Hongera, mama yangu. Wamekufa wote."

Mama Panya alilelewa kwa adabu. Akasema asante.