Ubani wa Daktari wa Kichina

Juzi, nikipita mtaa wetu wa Khuwair ya Kusini, nilisikia harufu ya ubani ikitoka kwenye zahanati ya Wachina, nikamkumbuka Bibi.

Nilipokuwa mdogo, goti lilikuwa limemkatalia, mwaka mzima akisali kitini. Alasiri moja alikwenda kwa daktari wa Kichina kwa mara ya sita, nami nikafuatana naye. Daktari alipomaliza kumchoma sindano nyembamba, alifungua kopo la dawa ya kupaka, chumba kizima kikanukia.

"Bibi, ameiba ubani wetu," nilimnong'oneza.

Bibi alicheka. "Hajaiba, mwanangu. Ubani wa Dhofari, kusini mwa nchi yetu, ulifika kwao zamani, wakaufanya dawa. Leo umerudi kunitibu mie."

Magharibi, Bibi alikunja goti akasujudu chini. Alikawia mpaka nikaogopa. Kumbe alikuwa akishukuru.