Hodi ya Juu ya Paa

Ipo siku moja ya usichana wangu ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, na wiki hii imenirudia ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nina hasira. Nnakwambia mapema usije ukauliza bibi huyu mbona anafoka. Nafoka, ndio. Kaa kitako unisikilize, na kama una simu mkononi iweke chini, maana simu ndiyo iliyoanzisha haya yote.

Mjukuu wangu Nassor alikuja kunywa chai kwangu, hapa Mji Mkongwe, katika nyumba aliyoniachia marehemu babu yake. Kijana mzuri, simkatai. Anafanya kazi zake za utalii, heshima anayo, na shikamoo yake huisikia tokea ngazini kabla sijamuona sura. Sasa siku hiyo chai haijapoa keshatoa simu, ananisomea majengo marefu ya Afrika Mashariki. Nairobi wana hili, Addis Ababa wamemaliza lile, Dar es Salaam nao wamo, Kigali wanakuja. Anasoma macho yanamng'aa, utadhani yeye ndiye aliyebeba zege.

"Bibi," akanambia, "sisi Unguja tumebaki chini. Wenzetu wote wanakwenda juu."

Nikamwambia, baba, sisi nasi tulikuwa na letu. Beit el Ajaib, lile jumba la sultani, wazee walituhadithia kwamba ilipojengwa haikuwa na mfano pwani yote hii kwa urefu, na upande wake ulipoporomoka mie nililia kama nimefiwa. Akacheka, akasema hayo ya zamani bibi. Ya sasa yakawa ni haya: analitaka paa langu. Amepata wenzake wa kushirikiana nao, watatandika mbao juu, watie viti na miavuli, wageni wapande wanywe chai huku wanaangalia bahari. Litakuwa paa la juu kuliko yote ya mtaa huu. Alilisema hilo, kisha akalirudia.

Sikumkatalia. Nilimwambia nitafikiri. Nami nilikuwa nafikiri kweli, kwa sababu nyumba hizi za mawe na chokaa zinataka matengenezo kila siku, na mimi peke yangu siziwezi. Lakini fikra zangu hazijafika kokote, asubuhi nasikia vishindo juu ya kichwa changu. Nassor kawafungulia mlango, mafundi washapanda! Wanapima, wanagonga, wanacheka, na redio inalia. Na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Wewe labda umezaliwa Fuoni huko, kwenye nyumba za chini zenye nafasi, kwa hiyo ngoja nikueleze. Hapa mjini nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na kila nyumba ina ua wake ndani. Uani ndipo mwanamke anapovua mtandio, anapofua, anapochana nywele, anapolia akitaka kulia. Mtu akipanda paani kuziba bati linalovuja, anayaona yote ya chini, yako na ya jirani. Basi sisi tumelelewa kwamba anayepanda hupiga hodi. Husimama kwenye mlango wa paa kabla hajatokeza kichwa, akapaza sauti: "Hodi juu! Hodi juu jamani!" Halafu husubiri. Aliye chini atajifunika au ataingia ndani, kisha ataitikia, "Haya, panda!" Ndipo mtu apande. Hata fundi asiyejua njia ya msikitini alikuwa akilijua hilo.

Na jirani yetu ni Bi Salma. Nyumba yake ni fupi kuliko yangu, ua wake wote uko chini ya paa langu. Bi Salma amefiwa na mumewe juzi juzi, yumo edani. Mtaa mzima unajua, na Nassor mwenyewe alikuwamo kwenye mazishi. Mjane akikaa eda hatoki nje ila kwa dharura, wala hajionyeshi kwa wanaume wasiomhusu. Mbingu yake yote ni kile kipande kilicho juu ya ua wake. Na juu ya kipande kile, mjukuu wangu mimi amesimamisha wanaume na redio. Lahaula!

Sasa nikurudishe kwenye siku yangu.

Nilikuwa ndio kwanza navunja ungo, na nyumba yetu ilikuwa Kiponda. Televisheni imeingia Unguja, Bara bado hawana, na tulivimba vichwa kwa hilo, usiambiwe. Kaka yangu Saidi na vijana wenzake wakapatwa na wazimu wa milingoti. Ukitaka kukamata picha za Mombasa eriali lazima iwe juu, kwa hiyo wakawa wanaunga bomba kwa bomba na kuyafunga kwa waya huku na huku yasianguke. Mwanzo ilikuwa ni picha. Baadaye picha zikasahauliwa, ikawa nani ana mlingoti mrefu. Vijana wa Malindi wakiongeza bomba, wa kwetu Kiponda nao wanaongeza. Mingine ilikuwa haina hata televisheni chini yake! Khaa! Mtu hana cha kutazama, lakini mlingoti anao.

Basi baba yetu akafariki, mama akaingia edani. Nyumba ile ilikuwa ya giza, vyumba vya chini kandili zinawaka mchana, kwa hiyo asubuhi jua likiingia uani mama alitoka akaliota. Siku hiyo alikuwa amekosha nywele. Amekaa juu ya kigoda, nami nimesimama nyuma yake namchana. Tangu msiba alikuwa hazungumzi ila neno la lazima, lakini asubuhi ile alianza kunihadithia vituko vya baba, jinsi alivyokuja kumposa viatu vinambana akashindwa kuinuka kitini. Akacheka. Mama yangu alicheka, mwanangu, mara ya kwanza tangu tumzike baba! Nilitaka asiache.

Mara kitu kikalia ndani ya beseni, kang'! Nati ya chuma. Tukatazama juu. Ukingoni mwa paa wamejipanga rafiki zake Saidi, wanatutazama, na mmoja ana tabasamu la kijinga usoni. Saidi mwenyewe yuko nyuma yao anahangaika na bomba lake, hana habari.

Mama hakupiga kelele. Aliuvuta mkeka akajifunika nao kichwani, akaingia chumbani huku anaambaa na ukuta. Mimi nikabaki nimeshika chanuo.

Bibi yangu mzaa mama, Bi Arafa, alikuwa jikoni. Mwanamke mfupi, magoti mabovu, lakini ulimi wake uliogopwa mpaka Darajani. Alipoiona ile nati hakuuliza kitu. Akazipanda ngazi zote, na kila anapopumzika tunamsikia anamtaja Saidi pamoja na jina la marehemu baba yake. Alipofika kwenye mlango wa paa akasimama. Akapiga hodi. Yeye, bibi mtu mzima, ndani ya nyumba ya mwanawe, "Hodi juu!"

"Naam, bibi," Saidi akaitika.

"Wewe shuka. Hao wenzako wabaki hapo hapo walipo."

Akamshusha mpaka uani, akamkalisha juu ya kigoda cha mama. "Tazama juu," akamwambia. Saidi akatazama. Wenzake wanachungulia, mmoja akaangua kicheko kuona mwanamme mzima kakalishwa kigodani. Saidi akainama.

"Nani kakwambia uiname? Tazama juu! Unawaona?"

"Nawaona, bibi."

"Haya, nenda mahali humu uani ambapo hawakuoni."

Saidi akazungusha macho, pembe hii na pembe ile. "Hakuna, bibi."

"Basi ndivyo ulivyomfanya mama yako. Umepandisha bomba lako huko mbinguni uonwe na Malindi nzima, na aliyekuzaa hana hata pa kuanikia nywele. Mwanamme gani wewe? Kaburi la baba yako halijakauka!"

Saidi alilia pale pale. Mlingoti aliuteremsha kabla ya adhuhuri kwa mikono yake, vijana wa mtaani wanamzomea. Kisha akaenda kukaa nje ya mlango wa mama, anaomba radhi. Mama akamwambia, "Nshakusamehe, mwanangu." Na alimsamehe kweli, mama hakuwa mtu wa kinyongo.

Lakini uani hakutoka tena. Tulimbembeleza, tukamwambia mlango wa paa umefungwa, Saidi mwenyewe anaulinda. Akasema hapa panatosha. Nilimchana nywele kwa mwanga wa kandili mpaka eda yake ikaisha, zinanuka unyevu, na vile vituko vya baba sikuvisikia tena. Hata baada ya hapo, umri wake wote mpaka anakwenda kwa Mola wake, mama yangu hakuwahi kukaa uani bila ya kusimama kwanza na kutazama paani, ukingo mpaka ukingo. Nyumbani kwake mwenyewe!

Saidi aliteremsha mlingoti, lakini lile jicho la mama la kutazama juu hakuna aliyeweza kuliteremsha. Ndiyo hasira yangu hiyo. Kwa sababu asubuhi ile mafundi wa Nassor walipokuwa juu, nilifungua dirisha la ngazini, nikamuona Bi Salma anakunja mkeka wake mbio mbio, shingo kaipinda, anatazama juu. Nilimuona mama yangu.

Nikapanda ngazi kwa magoti haya niliyorithi kwa Bi Arafa. Nikapiga hodi. Mafundi walishtuka, maskini, na sikuwafokea sana, wao wametumwa. Nikawaambia wakusanye vyombo vyao washuke. Nassor nikamngojea chini.

"Mume wangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomtania tangu mdogo, ingawa utani siku hiyo sikuwa nao, "umenisomea majengo ya Nairobi na Addis Ababa na wapi sijui. Hebu nisomee na hili: chini yake anakaa nani? Limeandikwa humo?"

"Bibi, dunia inakwenda mbele. Siku hizi kila mtu anaonekana, hata setilaiti inatuona hapa tulipo."

"Setilaiti haikuchukua jeneza la mume wa Bi Salma! Wewe umelichukua. Wewe umeshika ile miti begani, ukarudi ukala hitima kwao, kisha ukampandishia wanaume juu ya kichwa chake!"

Na mimi nikaenda nikautia kufuli mlango wa paa. Ufunguo huu hapa, nimeufunga pindoni mwa kanga yangu, nalala nao na kuamka nao.

Usije ukasema bibi ni adui wa maendeleo, maana nasikia mnapenda neno hilo. Minara siichukii. Binti yangu ameolewa Makunduchi, na lau si ule mnara wa simu ningeisikia wapi sauti yake kila jioni? Majengo marefu mjenge, hata hapa kwetu, hata yawapite hao wa Bara. Kinachonikera ni huu mtindo wa kuuliza nani yuko juu zaidi, na asiulizwe kamwe aliye chini.

Asubuhi ya pili yake nilitaka kupanda tena, nimwambie Bi Salma kwamba paani hakuna mtu. Nassor akatokea, amenuna. Akakichukua kiti changu, akakipandisha mpaka juu, akakiweka mlangoni mwa paa, kisha akanishika mkono nikapanda. Nikakaa, mgongo nimeupa ua wa Bi Salma. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote:

"Hodi juu! Bi Salma! Ni mie Zuhura. Toka uote jua, mwanangu. Mlangoni nimekaa mie, hapiti mtu!"

Nikangoja. Nikasema basi tena, tushachelewa, kama kwa mama. Halafu nikasikia mkeka unakung'utwa. Nikausikia unatandikwa.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu mpaka eda yake itimie. Nassor huja na birika la chai, akakaa ngazi moja chini yangu. Ufunguo hajauomba. Siku akiuomba nitampa, lakini kwanza apite mlango wa chini, apige hodi kwa kaka yake Bi Salma, anayemsimamia katika eda hii, akae, aeleze anachotaka, na ajibiwe. Akiambiwa jenga ukuta wa kusitiri, ajenge. Akiambiwa hapana, basi ni hapana, na chai tutainywea chini.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu, sina nyingine. Ukijaaliwa kupanda, cheo au nyumba au mlingoti, simama kwanza mlangoni kabla hujatokeza kichwa. Piga hodi, na uingoje itikio, usijiitikie mwenyewe. Wala usijidanganye kwamba ukikosea utateremsha tu mambo yaishe. Wapo wanaokusamehe siku hiyo hiyo na jua wasiote tena.

Mwenyezi Mungu akupandishe, akupe mengi kuliko niliyoyaona mie. Na popote utakapofika juu, asiwepo mtu chini yako anayekunja mkeka wake kwa ajili yako. Amin.