Picha Nane za Jengo la Saa

Walimwita Timazi, kwa ile kamba ya mwashi inayoning'inizwa kupima kama ukuta umesimama wima. Kazi yake ilikuwa kupiga picha majengo ya kale, kuyachapa kwenye karatasi nzito na kuyatia fremu. Picha iliyopinda haikutoka mlangoni kwake. Aliinyoosha kwanza kwenye kompyuta, na ukimuuliza sababu alikujibu, "Nani atatundika sebuleni jengo lililolewa?"

Jengo lake kipenzi lilikuwa lile la saa, alilolipiga picha kila mwaka tangu dada yake afungue duka la kushona pale chini.

Siku moja akaingia mwanamume mwenye miwani, akaagiza picha za jengo hilo, za miaka yote minane. Fremu hakutaka. Akachomoa rula mfukoni na kupima ukuta kwenye picha iliyotundikwa.

"Huna ambazo hazijaguswa?"

"Sina," akasema Timazi, na uongo ule haukumkwama hata kidogo.

Alimchungulia dirishani akiondoka. Mtu yule akavuka barabara, akazunguka nyuma ya jengo la saa, akaanza kugonga ukuta kwa kidole. Mnunuzi gani wa picha huyu? Timazi akampigia simu dada yake.

"Si nilikwambia?" dada akafoka. "Wenye jengo wanatafuta kisingizio cha kututoa. Ukimpa kasoro, mdogo wangu, cherehani yangu nitaipeleka wapi?"

Dalili ya mvua ni mawingu. Timazi akakaa kwenye kompyuta akanyoosha picha zote nane upya, kwa ukali kuliko siku zote, akazichapa na kumpa. Apime mpaka achoke, mjanja huyo!

Wiki iliyofuata mtu yule alirudi uso umemkunjuka.

"Umenitua mzigo, mama. Mimi ni mhandisi. Wenye jengo walitaka kujua kama ukuta wa pembeni unazidi kulala, nami nikanyamaza nisiwatie watu hofu. Vipimo vya zamani hakuna, nikasema picha zitaniambia. Kila kamera hupinda kidogo, mimi natazama tofauti ya mwaka na mwaka. Haipo! Naenda kuandika kwamba wapangaji wabaki."

Timazi alifurahi, lakini furaha haikufika mbali. Mkono wake ulikumbuka. Mwaka wa kwanza aliivuta picha kidogo tu. Kila mwaka aliivuta zaidi, akilaumu miguu ya kamera, na mwaka huu aliivuta mpaka dirisha la pembeni likakatika. Aliona aibu, kisha akaogopa.

"Ngoja," akasema. "Nilikudanganya. Ambazo hazijaguswa ninazo."

Akazifungua moja baada ya nyingine. Kufika ya sita, mhandisi alikwisha kurudisha rula mfukoni.

"Nani yuko mle ndani sasa hivi?" akauliza.

Timazi alikuwa ameshapiga simu.

"Dada, toka nje."

"Nitatokaje? Nina mteja hapa, nampima gauni."

"Toka naye."