Koti la Baba na Mbwa Watatu

Baba alipofariki, kaka zangu wawili walikuja kutoka Dar es Salaam, wakazika, wakalia, kisha wakagawana alivyoacha. Mmoja alichukua redio na baiskeli. Mwingine alichukua picha zote za ukutani, hata zile ambazo yeye hayumo. Mimi niliyebaki Kigoma niliachiwa shamba la mihogo la Kidahwe pamoja na mbwa watatu.

"Mbwa siwataki," nikasema.

Kaka mkubwa alinitazama kama vile nimemkana marehemu. "Sasa dada, unataka tuwapakie kwenye treni?"

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni Mwanga, nashona sare za shule. Mbwa sikuwahi kuwajua zaidi ya kuwapita njiani. Na hawa hawakuwa mbwa wa kulinda nyumba. Baba aliwalea kwa kazi moja tu, kuwinda nguruwe pori wanaofukua mihogo. Jike mwenye madoa ndiye alikuwa kiongozi, dume jekundu lilikuwa na sikio lililochanika, na mweusi alikuwa na tabia ya kumkodolea mtu macho mpaka mtu aondoke. Nilijaribu kuwaweka Mwanga kwa wiki moja. Siku ya tatu walikula mche mzima wa sabuni ya jirani, wakatoa povu mdomoni kutwa, na mtaa mzima ukajifungia ndani ukidhani wana kichaa. Nikawarudisha Kidahwe.

Kule aliwapokea rafiki wa baba, mzee aliyewinda naye miaka yote, ambaye tangu utoto namwita baba mdogo. Alikuwa hasikii vizuri na hakubali kwamba hasikii. Nguruwe walikuwa wamemaliza robo ya mihogo yangu, na kijiji kilisharuhusiwa kuwasaka. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi nilifunga cherehani, nikavaa buti za mvua na kitenge, nikaenda kuwinda nguruwe. Nikieleza hivyo leo watu hucheka, lakini wakati ule nilikuwa na hasira na wale nguruwe kuliko hasira niliyowahi kuwa nayo kwa binadamu yeyote.

Tuliwafungulia mbwa pembeni mwa shamba. Wakanusa, wakapiga kelele mara moja, wakapotea. Tuliwasikia kwenye bonde la kwanza, halafu la pili, halafu hatukuwasikia tena. Walirudi Jumatatu.

"Mbwa hawa wanakwenda mbali mno," nikamwambia baba mdogo.

"Ego," akaitikia kwa Kiha kwamba ndiyo, "wana mbio nzuri."

"Nasema wanapotea!"

"Na wanapendeza, kweli."

Nilipomwandikia kwa kijiti kwenye udongo ndipo akanifundisha. Mbwa wa namna hii humkimbizi wala humwiti, kwa sababu akishika harufu masikio yake huwa kama yameng'olewa. Unachofanya ni kuacha nguo yako pale ulipomfungulia. Akishachoka atarudi kwenye ile nguo, atalala juu yake, nawe utamkuta hapo.

Jumamosi iliyofuata niliacha kanga yangu. Mbwa walirudi kweli, jike akainusa, wote watatu wakaikojolea kwa zamu, wakaendelea na safari.

"Hawakujui," baba mdogo akasema kwa huruma. "Leta ya marehemu."

Nguo ya baba iliyobaki ilikuwa koti moja la kaki. Nililishona mimi nikiwa bado najifunza, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mfuko wa ndani niliuweka nje. Baba alilivaa porini miaka kumi na zaidi. Sijawahi kujua kama alilivaa kwa kunipenda au kwa sababu halikufaa kuvaliwa mahali pengine. Wiki iliyofuata nililipeleka, nikalitundika kwenye kisiki kando ya njia, tukawafungulia mbwa. Jike alilinusa lile koti kwa muda mrefu, akatoa mlio mdogo ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake. Kisha wakaondoka mbio.

Baba mdogo alibaki shambani na mkuki wake, eti nguruwe akirudishwa amsubiri. Mimi nikapanda mlimani kusikiliza. Manyunyu yakaanza. Baada ya saa mbili hivi, kimya. Nikashuka kuwangoja kwenye kisiki. Koti halikuwepo. Kwenye matope palikuwa na nyayo za viatu vya mtu mzima vilivyochongoka mbele, na juu yake nyayo za mbwa, zote zikielekea upande mmoja, ng'ambo ya kijito.

Nilizifuata nikiwa na hofu kwamba nitamkuta mwizi ameshatafunwa. Nikafika kwenye nyumba moja ya bati yenye watu wengi uani, wamevaa vizuri, wote wamesimama mbali na mlango. Mama mmoja alinidokeza kwamba leo kuna posa, wageni wametoka Ujiji kumposa binti wa hapa, ila hakuna anayeweza kuingia wala kutoka.

Nikachungulia dirishani. Sebuleni alikaa mshenga, mzee mnene mwenye miwani, viatu vyake vimechongoka, amevaa koti la baba, mkono mmoja wa koti umemfunika vidole. Jike alilala juu ya miguu yake. Dume jekundu lilikaa kulia, mweusi kushoto, akimkodolea macho baba wa binti aliyekaa kiti cha mbele.

"Shikamoo mzee," nikasema kwa sauti ndogo kupitia dirishani.

"Marahaba," mshenga akajibu bila kugeuza shingo. "Mbwa ni wako?"

"Ni wangu. Na koti ni la marehemu baba yangu."

Alifumba macho. "Mwanangu, mvua ilinikuta njiani na shati jeupe. Nikaona koti kwenye kisiki. Nikajua Mungu amenitazama."

"Livue basi, mzee."

"Nimejaribu." Akainua mkono kidogo kuelekea kwenye vifungo. Dume jekundu likanguruma, akaushusha. "Unaona? Hawataki niondoke."

Nilipowauliza waliokuwa uani, ndipo nikaelewa kwamba mazungumzo hayakuwa yamesimama. Yalikuwa yanaendelea tangu mbwa walipoingia. Baba wa binti alianza kwa kutaja ng'ombe wanane, kwa sauti ya mtu anayejua thamani ya bintiye, na mbwa wote watatu wakanguruma. Akashusha sauti, akasema saba. Wakanguruma. Kufika watano, mweusi alikuwa amesogea hatua moja mbele. Sasa walikuwa wamefika watatu na mbuzi, na baba wa watu alikuwa akizungumza kwa kunong'ona kama yuko kanisani.

"Wametuletea mbwa watutishe," shangazi wa binti akaniambia. "Tangu nizaliwe sijaona posa ya hivi."

Upande wa bwana harusi haukuonekana kuwa na haraka yoyote ya kusaidiwa.

Simu yangu ikaita. Alikuwa baba mdogo. "Imbwa ziko wapi?" akafoka.

"Ziko kwenye posa!"

"Zimepotea? Basi sikiliza. Nguruwe yuko hapa. Niko juu ya kichuguu, mkuki umeanguka chini, naye ananitazama."

Niliingia ndani. Sikuwa na ujasiri wowote, ila sikuona njia nyingine. Nikapiga magoti karibu na mshenga, nikamwambia aegemee mbele polepole, mimi nitavuta koti kutoka nyuma, asiguse kifungo hata kimoja. Vifungo nilivikata kwa mkasi mdogo wa ufundi ambao hauniachi mfukoni. Jike alininusa mikono wakati wote nikikata. Mkono wa kwanza ukatoka, wa pili ukakwama, mshenga akawa anasali kimyakimya, hatimaye likatoka. Sikujua niliweke wapi, nikalivaa.

Mbwa wakainuka. Wakamtazama mshenga, wakanitazama mimi. Kisha jike akaja akakaa miguuni pangu na wengine wakamfuata.

Baba wa binti akakohoa, akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kwa sauti yake halisi, "Mama, samahani. Hebu vuta kiti ukae upande wangu kidogo."

"Hapana!" upande wa bwana harusi ukapiga kelele kutoka uani.

"Dakika kumi tu!" baba wa binti akasihi. "Tuanze upya kwa haki!"

"Baba," nikasema, "kuna mzee yuko juu ya kichuguu."

Nikatoka mbio, buti zikipiga matope, koti limefunguka, na wale mbwa ambao hawakuwahi kunifuata hata hatua moja wakawa nyuma yangu kama watoto wanaokwenda shule. Tulipokaribia shamba walishika harufu, wakanipita. Safari hii hawakwenda mbali. Nguruwe alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kichuguu, akitafuna mihogo yangu bila wasiwasi, dume zee lenye meno ya manjano. Mbwa walimzunguka, wakamsukuma hadi kwenye ukingo wa kijito, wakamshikilia hapo kwa kelele. Baba mdogo alishuka, akaokota mkuki, akamaliza kazi kwa mchomo mmoja. Akiwa na miaka yake ile na mikono inayotetemeka akishika kikombe, hakutetemeka hata kidogo.

Paja moja tulilipeleka kwenye ile nyumba ya posa, kwa sababu niliona aibu. Walikuwa wamekubaliana ng'ombe watano, na mshenga alikuwa ameazimwa sweta ya shangazi. Alikataa kunipa mkono mpaka nilipomhakikishia kwamba mbwa nimewafunga.

Kabla jua halijazama nilikaa mlangoni kwa baba mdogo nikiwakagua. Jike alikuwa na mwiba kwenye unyayo wa mbele. Wiki zote zile hakuwahi kuniruhusu nimguse, lakini jioni ile alininyooshea mguu mwenyewe, akageuza uso pembeni, akanyamaza wakati nauchomoa. Nilijawa na furaha kiasi kwamba nikamvuta mweusi nimkague naye.

Aling'ata kidole changu, si sana, akanikodolea macho mpaka nikaondoka.