Bundi Katika Kiota cha Fundichuma

Nilipokuwa mtoto pale Nchiru, kabla hosteli za wanafunzi hazijameza mashamba, nilifundishwa kuogopa ndege wawili. Wa kwanza alikuwa fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga kiota kikubwa kupita gunia la mahindi. Ukibomoa kiota chake, tuliambiwa, ngozi yako itabambuka mpaka ufe, na hakuna dawa ya hospitali itakayokusaidia. Wa pili alikuwa bundi. Huyo hata jina halikutajwa watu wakila. Akilia karibu na boma, mtu wa boma hilo atazikwa.

Sasa, mambo ya Mungu, mwaka mmoja fundichuma aliyejenga kwenye mgunga wa Shosho, kule chini karibu na kijito, alihama. Bundi wawili wakubwa wakaingia nyumba yake bila kubisha hodi, wakataga palepale.

Nilikuwa nikiishi na Shosho, mama yake baba, sisi wawili tu. Wazazi wangu walifanya kazi Nkubu na kuja kwa nadra. Nikitoka shule nilishuka mgungani kumtazama bundi jike akisinzia. Akifumba macho, kope zake zilikuwa za rangi ya waridi. Nani angeniambia kwamba muuaji wa watu ana kope nzuri hivyo? Nilimpenda, basi. Sikuwa na mwingine wa kumtazama.

Baba mdogo, Kirimi, ndiye aliyeleta habari ya hosteli. Chuo kilikuwa kinakua, wanafunzi wanatafuta vyumba, naye alitaka kujenga pale penye mgunga. Asubuhi moja alikuja na vijana wawili wenye mashoka.

"Mti huu hauguswi," Shosho akasema.

"Mama, kuna bundi humo! Unataka akulilie ufe?"

"Bundi namwogopa kuliko unavyomwogopa wewe. Lakini kiota ni cha fundichuma. Nani kati yenu atakibomoa? Wewe? Haya, panda."

Vijana walitazamana. Mmoja alianza kujikuna mkono kana kwamba ngozi imeshaanza kutoka. Wakaweka mashoka begani, wakaenda zao. Kirimi alijenga upande wa juu wa shamba, na kwa muda mrefu salamu yake kwa mama yake ilikuwa ya kununa.

"Na wewe acha kuwazoea hao ndege," Shosho aliniambia. "Watu watatukimbia."

Nilidhani ni maneno ya kutisha watoto. Kumbe! Zamu yetu ya maombi ya nyumba kwa nyumba ilipofika, Shosho alifagia uwanja, akachemsha nduma, akapika chai kwenye sufuria ya harusi. Tuliazima mabenchi. Tukakaa tukingoja. Tuliwasikia kina mama wakija wakiimba. Wimbo ukakaribia, ukafika langoni kwetu, ukapita. Wakaingia boma la jirani. Shosho alikuwa bado ameshika kikombe cha mgeni. Tuliomba wawili, kila mmoja sala yake fupi, tukala nduma mpaka tukashindwa. Kisha akaosha vikombe vyote, hata ambavyo havikutumika. Niliumia sana, nikalia, wala hakuniambia ninyamaze.

Jirani alimshauri arushe kinga cha moto kiotani, yaishe. Akakataa. Kwa nini? Laana, ndivyo alivyosema. Lakini siku moja nilimkuta chini ya mgunga, mkono kwenye paji la uso, akitazama juu kwa utulivu kama mtu aliye kanisani. Aliponiona alijifanya anaokota kuni.

Bundi walilia mwaka ule wote na hakufa mtu kwetu. Shosho aliishi mpaka nikawa mwalimu, na kipande chenye mgunga akaniachia mimi.

Leo hosteli zimekizunguka, ghorofa juu ya ghorofa. Bundi bado wanakuja. Mwaka huu wana kinda moja, jeupe, lenye hasira. Hivi karibuni Mwenda, mtoto wa Kirimi, alikuja na msumeno wa injini, akitaka tujenge pamoja. Nilimkumbusha fundichuma. Akacheka sana.

"Hiyo ni stori ya zamani, dada. Nani anaamini hayo siku hizi?"

Wakati huohuo bundi jike akafungua bawa. Mwenda aliruka nyuma, nusura aangukie msumeno wake. Nami nikaona jambo ambalo limenikaa moyoni tangu hapo: laana iliyokuwa ikimlinda bundi watu wameisahau, lakini hofu inayowafanya watake kumuua wameitunza vizuri! Shosho alikuwa na kitu cha kuwarudisha watu nyuma. Mimi nina maneno tu, na maneno ya mwalimu wa shule ya msingi msumeno hauyasikii.

Nisijidanganye, ni upweke. Wanafunzi wenye madirisha upande wangu hufunga mapazia mchana kutwa. Wenzangu wa kanisani hunisalimia wakiwa barabarani, na wanasalimia haraka. Kuna wanaosema nafuga bundi kwa ajili ya uchawi. Nikiugua, najipikia uji mwenyewe.

Juzi Mwenda alirudi, safari hii bila msumeno na bila dhihaka. Tulisimama chini ya mgunga, yeye mbali kidogo, akauliza kwa upole, "Dada, hapa utamwachia nani?"

Sina mtoto. Ndugu wa karibu ni yeye, na sote wawili tunalijua hilo.

"Jiandae kungoja," nikamwambia. "Mimi sina haraka ya kufa."

Alicheka, akaniaga, akapanda zake kwenda hosteli. Nilibaki pale nikimtazama kinda akijaribu mabawa kwenye tawi, mpaka giza likaingia, na hapakuwa na mtu wa kuniita ndani.