Vichwa Kumi na Kimoja na Nyumba ya Kamachumu

Ukonga nzima, ukitaka picha ya familia isiyoonyesha ukuta ambao haujapigwa lipu na kamba ya nguo za jirani, utaambiwa nenda kwa Sekela. Ana chumba kimoja cha studio, kompyuta inayopumua kwa shida, na kitambaa cha kijani kilichobanwa ukutani kwa vibanio vya nguo. Unasimama mbele ya kitambaa, kompyuta inafuta kila kilicho cha kijani, halafu Sekela anakuweka unakotaka. Keshawapeleka watu wa Gongo la Mboto kwenye theluji. Keshaisimamisha kwaya nzima chini ya maporomoko ya maji, na hakuna aliyelowa hata ukosi.

Kipaji anacho, jamani, tusimnyime haki yake. Kasoro yake ni kicheko. Kikimshika hakimwachii, na kinamshika popote. Aliwahi kucheka msibani mpaka akina mama wakamtoa nje kwa heshima, wakamwambia akamsaidie anayemenya vitunguu.

Sasa, siku moja aliingia Mwalimu Revelian. Huyu bwana amestaafu ualimu lakini ualimu haujamstaafu. Ukimsalimia vibaya anakusahihisha. Akatoa bahasha, ndani ya bahasha kitambaa, ndani ya kitambaa picha kuukuu ya ukubwa wa kiganja: nyumba iliyoezekwa bati, mlango wa mbao, dirisha moja, migomba pembeni.

"Hii ni nyumba yetu ya Kamachumu, upande wa Bukoba," alisema. "Baba aliijenga kwa mikono yake. Tetemeko liliiangusha, na mama nipo naye hapa Ukonga. Jumapili anatimiza themanini na mbili. Kila siku ananiambia, Revelian, nataka niione nyumba yangu na watoto wangu kwa pamoja kabla macho hayajazima. Safari ya Bukoba magoti yake hayaiwezi. Utaweza wewe?"

"Mwalimu, hiyo kazi niachie mie," alisema Sekela. "Bibi ataiona. Njooni wote, na mpendeze."

Kosa lilikuwa hapo kwenye kupendeza. Ukimwambia Mtanzania apendeze na ndugu zake, unadhani atafanya nini? Atashona sare! Wakaenda duka la jirani, kwa Shelina, wakachagua kitenge, wakashona kumi na moja: watoto wa bibi, wajukuu, mpaka kitukuu wa miezi mitano. Na rangi waliyoichagua, kwa kuikumbuka migomba ya kwao, ilikuwa kijani.

Usiniulize Sekela alikuwa anaangalia wapi. Walifika saa moja asubuhi, mbio mbio, kwa sababu Brightson, mdogo wake Mwalimu, alikuwa na basi la Mwanza la saa nne kule stendi ya Mbezi Luis. Na huyo Brightson ni mchekeshaji wa ukoo. Kila Sekela akiinua kamera, Brightson anatupia neno, na Sekela anainama kushika mbavu. Akapiga picha machozi yanamtoka, wakaagana, wakatawanyika.

Alipokaa kwenye kompyuta aliiweka nyumba nyuma yao, akabonyeza kufuta kijani.

Mama yangu! Vilibaki vichwa. Vichwa kumi na kimoja vikielea mbele ya nyumba ya Kamachumu, vyote vimetabasamu isipokuwa kimoja, na chini yake viganja na viatu. Kitukuu alikuwa kichwa kitupu hewani, ameshikiliwa na viganja viwili visivyo na mwenyewe. Kichwa cha Mwalimu kilikaa katikati, kimenuna, juu kabisa ya mlango. Sekela aliteleza kwenye kiti akamalizia kucheka sakafuni.

Angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini raha haifaidiwi peke yako, akaona amrushie Shelina, maana vitenge ni vyake. Akabonyeza, akatuma, akasubiri. Kumbe ameituma kwenye kundi la familia, Ukoo wa Kamachumu, ambako Mwalimu alikuwa amemuunga apokelee maelekezo. Kwa kihoro akaifuta chapuchapu. Akaifuta kwake peke yake. Wenzie wote wakabaki nayo.

Simu ikaanza kutetemeka mezani kama ina homa. Brightson aliandika kutoka kwenye basi: "Jamani, kondakta anadai hajawahi kubeba kichwa bila abiria." Shangazi mmoja akauliza kama kiuno chake kimebaki studio, kihifadhiwe. Sekela alicheka, akaogopa, akacheka tena. Kisha ukaja ujumbe wa Mwalimu, wenye nukta kila panapostahili nukta: "Sekela. Tutaonana Jumapili."

Kicheko kikakauka. Kupiga upya haiwezekani, Brightson keshafika Morogoro. Akakaa siku mbili na kipanya mkononi, akifuata ukingo wa kila bega na kila mkunjo wa gauni, mmoja mmoja, akiwarudishia watu miili yao. Shelina alikuwa akimletea chai na kumwambia, "Pole dada, ila ile picha ya vichwa usinionyeshe tena, nitacheka mbele ya wateja." Jumamosi jioni picha ikakamilika. Ilikuwa safi, ungeapa walisimama Kamachumu wenyewe. Akaiweka kwenye fremu.

Jumapili sebule ya Mwalimu ilijaa. Sekela akapiga goti mbele ya Bibi Kokuberwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyenipeleka nyumbani?"

Akapewa fremu. Akaisogeza mpaka puani. Watu wote walimtazama.

"Mmependeza," alisema bibi mwishowe. "Mmenenepa. Nyumba iko wapi?"

"Hiyo hapo nyuma, mama," alisema Mwalimu.

"Naona bati. Mlango siuoni, ni tumbo lako. Dirisha ni dada yako." Akaiweka mapajani taratibu, kwa adabu ya mtu aliyepewa zawadi isiyomfaa. "Asanteni wanangu. Ni nzuri."

Sekela alitamani ardhi ipasuke. Siku mbili za mabega, kumbe amejenga ukuta! Ndipo mjukuu mmoja, asiyeweza kujizuia, akamwonyesha bibi simu yake.

Bibi aliangalia. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na sebule nzima ikamfuata. Halafu akaivuta simu mpaka puani. Kidole chake kikawa kinatembea kwenye kioo, kati ya kichwa na kichwa.

"Mlango wangu," alisema. "Huu hapa. Na dirisha la jikoni. Na lile jiwe nililokuwa nawaogeshea." Machozi yakamtoka waziwazi. "Hamkunizibia. Nataka hii."

"Mama, hii ni makosa," alisema Mwalimu. "Hatuna hata miili."

"Miili yenu naiona kila siku, inanimalizia chai. Nyumba hii mtanitolea wapi tena?" Kidole kikarudi mlangoni, kikapanda, kikasimama kwenye kichwa cha Mwalimu. "Ila mwaka siuoni. Baba yenu aliuandika kwa msumari juu ya mlango, saruji ikiwa mbichi."

Sekela aliyekuwa anacheka kila kitu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, analia.

Mwalimu Revelian akavua miwani, akaifuta kwa sare ya kijani, akamgeukia.

"Sekela," alisema. "Kichwa changu kisogeze pembeni kidogo."