Mchezo wa Vidonge

Dada yangu ni muuguzi, na ana kichwa kigumu, Mungu anisamehe. Kila wiki anaacha sindano zake kliniki, anabeba meza ya kukunja, tunakwenda shule za sekondari kuigiza. Anasema vijana hawataki mahubiri. Ukiwahubiria wanakutazama tu, akili ziko kwenye mpira.

Mchezo wetu ni huu. Binti ana virusi vya UKIMWI tangu kuzaliwa na amegoma kumeza dawa. Mama yake anambembeleza, anashindwa. Mwanafunzi akiona mama anakosea, anasema "Simama!", anapanda jukwaani, anashika nafasi ya mama na kujaribu maneno yake mwenyewe. Binti huigizwa na msusi wa mtaani kwetu. Mama ni mimi.

Kumbe dada alikuwa anatafuta. Kila neno zuri la wanafunzi alilibeba nyumbani akalijaribu kwa binti yake wa kumzaa, kwa sababu naye alikuwa ameacha dawa. Alikonda mpaka sketi ya shule akawa anaibana kwa pini. Daktari alisema waziwazi: asiporudia dawa, hafiki mbali. Dada alibembeleza, akafoka, akapiga magoti. Wapi! Nilimkuta jikoni analia, sufuria inaungua, nikaiepua.

Ikafika zamu ya shule ya binti mwenyewe. Nikamwambia dada tusiende. Akanijibu, "Nisipokwenda nitamzika."

Ukumbi ulijaa. Sijabembeleza hata mara mbili, nikasikia, "Simama." Alikuwa binti wa dada. Akapanda, akaniambia taratibu, "Mama mdogo, nipishe." Nikampisha, ningefanyaje?

Akashika kiuno vilevile kama dada yangu akikasirika. "Meza, mwanangu," akamwambia msusi. "Meza hapa nikuone. Mimi zangu nazimeza chooni, mlango nimeufunga na bomba nimelifungulia, ili usinisikie. Lakini wewe usione aibu, sawa?"

Ukumbi ukaangua kicheko, wakidhani utani. Mimi sikucheka, maana ilikuwa kweli tupu. Dada naye ana virusi na anazo dawa zake, na kazini hakuna anayejua. Nyumbani tunajua sote, ila jambo hilo halijawahi kutajwa, hata kwa kunong'ona.

Dada huwa hapandi jukwaani. Kazi yake ni kusimama pembeni na kuongoza. Siku hiyo alipanda. Akafungua mkoba mbele ya wanafunzi, walimu na muuguzi mwenzake aliyetusindikiza. Akatoa kichupa chake, akatia kidonge mdomoni, akameza. Wanafunzi wakapiga makofi, wakidhani ni pipi. Muuguzi yule hakupiga. Aliinamisha macho.

"Umeniona?" dada akauliza.

Binti alimtazama mama yake, kisha akanyoosha mkono. Dada akachakura mkoba, vitu vikamwagika sakafuni, mpaka akakipata kichupa cha mtoto. Binti akameza bila maji, akashuka, akarudi kukaa na wenzake bila hata kumgusa mama yake.

Tukiwa tunakunja meza nikamwambia, "Dada, si amemeza? Furahi basi kidogo."

"Amemeza ya leo," akasema, na akaendelea kuokota vitu vyake sakafuni.